Mafuta Meupe ya Nyumba ya Pamba

Neno lenyewe Mama Adolphine alilisikia kwenye robine, bomba la maji la mtaa, ndoo yake haijajaa hata nusu: Nyumba ya Pamba imeanza tena kula watu. Mwanamke aliyelisema hakuwa akiongea naye. Alikuwa akimwambia mwenzake wa mbele, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya unga, kwamba zamani ile nyumba ilichukua mikono, na sasa wameifufua, inachukua nyuso. Kisha akajitwisha maji yake akaenda. Mama Adolphine akabaki amesimama mpaka ndoo ikafurika.

"Mama, ondoa chombo chako," wakamwambia nyuma. "Ao unataka kuogesha barabara?"

Alicheka nao, akatoka. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na tangu siku ile lilikaa naye jikoni, likaenda naye kanisani, likalala naye kitanda kimoja. Maana binti yake mkubwa, Christiane, alikuwa anafanya kazi ndani ya nyumba hiyo, na uso wa Christiane ulikuwa umeanza kuharibika.

Nyumba ya Pamba iko Kalemie, karibu na reli, upande wa ziwa. Wabelgiji waliijenga kwa matofali mekundu, na paa lake lina meno kama ya msumeno. Pamba ilifika kwa vagoni kutoka bara, mashini zikatenga nyuzi na mbegu, nyuzi zikapanda meli, na mbegu zikakamuliwa mafuta. Ni kweli ilichukua mikono. Mashini ya meno haimngoji mtu atoe kidole chake. Baadaye vita vikaja, mashini zikasimama, zikarudi kidogo, zikasimama kabisa. Wakati mali za wageni zilipogawiwa wenyeji, nyumba ikapata bwana mpya, naye akauza kila kilichoweza kung'olewa. Wakabaki popo.

Halafu, mwaka wa 1987, ikaja kampuni moja kutoka Lubumbashi. Walipaka kuta rangi nyeupe, wakaziba madirisha, wakaweka mashini za baridi, na juu ya paa wakasimamisha antena ndefu kupita msalaba wa parokia. Wanawake wa mtaa wa Kataki walikata majani ya uwanja ule kwa salongo, kazi ya lazima ya serikali, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakishangaa. Ndani kuliwekwa foni, redio ya kuongea na Manono, Moba mpaka Kinshasa. Kukawekwa telex, mashini ya kutuma maandishi. Na mahali palipokuwa ghala la mbegu kukawekwa ordinateur, mashini zenye kioo kama televizyo, ambazo zinafanya hesabu za wafanyabiashara huku karani amekaa kimya anagonga vidole tu.

Walipotafuta vijana wa kujifunza mashini hizo, Christiane alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Alikuwa na diploma ya Leta, ya serikali, na diploma hiyo ilitoka ndani ya karai la mama yake, kwa sababu minerval yote, ada ya shule tangu darasa la kwanza, ililipwa na mikebuka, samaki wa ziwani wa kukaanga. Baba yao, Papa Télesphore, alikuwa Zongwe kwenye uvuvi. Alituma samaki kwa mtumbwi wa moteri, na mwenyewe alirudi akijisikia. Mama Adolphine alikaanga, akauza, akasomesha. Biro walimwita binti yake kwa heshima, Citoyenne Sangwa. Mara ya kwanza kusikia hivyo, mama alirudia jina hilo peke yake njia nzima.

Kwa hiyo biashara ikapata mlango mpya. Kila asubuhi Christiane alibeba beseni la mikebuka na mandazi kwenda kazini, na saa sita wenzake wote walikula: Floribert wa telex, Générose wa foni, na wale wengine wa ordinateur. Walisema hakuna anayekaanga kama mama ya Christiane. Ilikuwa kweli, hata soko lilijua.

Shida ilikuwa mafuta. Mawese yalikuwepo, lakini mandazi ya mawese yanakuwa mekundu na watu wa biro hawayataki. Mafuta meupe ya Kigoma yalikuwa ghali, na siku nyingine meli inakuja bila hata bidoni moja. Ndipo Mama Pélagie, rafiki yake wa kwaya, akaja nyumbani mchana mmoja na bidoni ya njano, dumu la plastiki, amefunika na kitenge.

"Onja kwa macho kwanza," Mama Pélagie akasema.

Mama Adolphine alifungua, akaangalia. Mafuta yalikuwa meupe, safi, yameguswa kidogo tu na rangi ya chai.

"Umetoa wapi?"

"Uliza utoto wako. Ni mafuta ya pamba."

"Mafuta ya pamba yalikwisha nikiwa ninanyonyesha huyu Christiane."

"Yalikwisha kwa wasiojua. Mume wangu, Papa Ignace, njo zamu pale, analinda mlango, na zamani alifanya kazi pale pale, upande wa kukamua. Sasa wale wageni wanafagia matangi ya zamani. Wanamwambia, Papa, toa mafuta haya, yaondoke. Yeye amwage, aone watoto wa watu wanakosa? Alinusa, akajua ni yale yale."

Kila mtu wa Kalemie mwenye umri kidogo anayakumbuka mafuta ya pamba. Yalikuwa meupe, hayana kelele, na wafanyakazi waligawiwa mwisho wa mwezi. Mama yake Adolphine aliyaweka ndani ya chupa ya bia juu ya kabati, kwa ajili ya Noeli. Kwa hiyo alipoinamia bidoni ile hakunusa kwa pua ya siku hiyo. Alinusa kwa pua ya mtoto anayengoja Noeli. Harufu ilikuwepo, ndogo, kama kandambili mpya za plastiki zilizoachwa juani. Alijisemea kwamba mafuta yaliyokaa ndani ya tangi miaka yote hiyo lazima yanuke kidogo. Ukitupa kitunguu ndani, inaondoka.

Na kweli iliondoka. Mafuta yenyewe yalikuwa ya ajabu. Hayakutoa povu, hayakuruka, hayakutoa moshi wa kuumiza macho. Ulikaanga leo, kesho ukakaanga tena, bado yanang'aa. Mama Adolphine akamsifu Papa Ignace mbele ya wanawake wengine, nao wakaanza kutuma chupa zao.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kukatika, Christiane alitoka vipele mashavuni. Havikuwa vipele vya ujana, maana ujana huo alishaupita. Vilikuwa na kichwa cheusi, vimejipanga nyuma ya masikio na chini ya macho, na vikikamuliwa vinatoa kitu kama jibini. Kisha kope zikavimba, asubuhi macho yanafunguka kwa maji ya vuguvugu. Akawa mchovu wa kusinzia na kijiko mkononi. Dispanseri wakampa pomadi ya macho, wakampa sabuni ya kiberiti, wakamwambia arudi.

Kama ingekuwa yeye peke yake, mama angesema ni damu. Lakini Floribert naye alitoka vivyo hivyo. Générose akaanza kujifunga kitambaa mpaka nyusi. Wote ni wa nyumba ile. Hapo neno la robine likapata miguu. Watu walisema vile vioo vinavuta ngozi, kwamba mtu akikaa mbele yake mchana kutwa, kioo kinamwangalia kuliko yeye anavyokiangalia. Wengine walisema ni wale waliopoteza mikono zamani, wanadai. Na wote walimtazama Citoyen Anatole, mkuu wa nyumba, fundi aliyetoka Lubumbashi, kwa sababu uso wake peke yake ulikuwa laini kama yai. Waliuliza anawezaje kuwa mzima kati ya wagonjwa, kama si yeye anayewatoa wengine kafara.

Mama Adolphine hakuwa mtu wa kuamini kila kitu. Lakini mama hachagui la kuogopa. Alimwomba padri anyunyizie Christiane maji ya baraka, padri akanyunyiza. Alimkataza kuingia ndani na nguo za kazi, ikawa binti anaogea nyuma ya nyumba na kuacha kanga pale pale. Na macho ya Odile, mdogo wake Christiane wa miaka kumi, yalipoanza kutoa utongo, mama alisema ndiyo hayo, ametuletea nyumbani.

Zaidi ya yote, alimlisha. Mgonjwa hali ugali mkavu. Alimchagulia mkebuka mnono kuliko wote, akaukaanga mpaka mfupa ukalia, akamwagia mafuta ya karai juu ya ugali ili upite kooni. Christiane akisema ameshiba, mama anasimama juu yake.

"Kula. Ile mashini inakutoa nguvu, lazima zirudi."

"Mama, mashini haina meno. Inaonyesha herufi tu."

"Basi uso wako nani aliukula?"

Christiane akainamia ugali. Alikuwa mtoto wa kujibu, mwenye maneno mengi na kicheko, na kule kunyamaza kulimtisha mama kuliko vipele.

"Uache ile kazi," mama akasema siku moja, sahani ikiwa katikati yao.

"Nikale nini?"

"Utakula ninachokula mimi."

"Si njo hiki ninachokula sasa?"

"Mimi nakula ndakala za kuchemsha, na sijafa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mikebuka ilikuwa ya kuuza na ya watoto. Mwenyewe alikuwa anachemsha ndakala, dagaa wa ziwani, na nyanya, analamba mafuta kidole tu kuonja chumvi. Kucha zake zilikuwa zimeingia weusi, lakini mwanamke wa makaa na jiko la mbabula, kucha zake nani anaziangalia.

Christiane alisema hataacha. Kampuni ilikuwa inataka kumpeleka Lubumbashi, ajifunze zaidi, arudi kuwa mkuu wa chumba cha ordinateur. Alisema kama uso utakwisha, afadhali uishe na yeye anajua kitu. Mama akaondoa sahani. Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha kanisani, akafunga kitambaa kipya, akaenda Nyumba ya Pamba kumtoa mtoto wake.

Mlangoni Papa Ignace hakuwepo, kijana mwingine alimfungulia. Ndani baridi ilimpiga kama mtu ameingia mtoni. Aliwaona wote wamekaa, migongo imenyooka, kisha wakamgeuzia zile nyuso. Hakuwahi kuwaona pamoja. Christiane alisimama haraka, aibu imemjaa.

"Mama, kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Chukua sakosi yako, twende."

Citoyen Anatole alitoka katika biro yake, miwani mkononi. Alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache.

"Karibu, Mama. Mama ya Citoyenne Sangwa?"

"Ni mimi. Nakuja kuchukua mutoto wangu."

"Amekosa nini?"

"Yeye hakukosa kitu. Wewe njo nataka kukuuliza, na unijibu kama unavyojibu mama yako. Wote hapa wameharibika. Uso wako mbona muzima?"

Citoyen Anatole akajigusa shavu kana kwamba analitafuta.

"Mama, hata mimi najiuliza. Nimeuliza Lubumbashi kwa foni. Kule wana vioo hivi tangu zamani, hakuna muntu ametoka hata kipele kimoja."

"Mashini haimutaki, Mama," Floribert akasema kutoka pembeni. Alikuwa mchekeshaji, na ugonjwa haukumbadilisha. "Patron ana kidonda cha tumbo. Anakula kiazi cha kuchemsha na chumvi, kama mufungwa. Mashini za huku zinapenda watu wenye mafuta."

Wakacheka kidogo, kwa huruma zaidi. Citoyen Anatole mwenyewe alitabasamu. Kisha akamwambia Mama Adolphine jambo ambalo mkubwa mwingine asingelisema:

"Twende nikuonyeshe nyumba yote, chumba kwa chumba. Ukiona kitu chochote kinachokula muntu, nionyeshe. Usipokiona, umuache mutoto afanye kazi."

Akakubali. Alionyeshwa foni, akasikia sauti ya mtu wa Moba anauliza habari ya mahindi. Alionyeshwa nyuma ya kioo, akakuta vumbi na nyaya. Aliweka kiganja juu yake, kilikuwa vuguvugu kama tumbo la kuku. Alionyeshwa mashini ya kupiga kopi, ikatoa mkono wake mwenyewe juu ya karatasi, mweusi, mistari yote inaonekana, na hilo lilimshtua, lakini halikumuuma. Alitafuta kwa bidii. Alitaka kukipata.

Mwishoni wakatokea nyuma, kwenye kijumba cha matofali ambacho hakikupakwa rangi. Citoyen Anatole akaeleza kwamba humo mlikuwa na transfo za zamani za kiwanda, masanduku makubwa ya chuma ya kubadilisha nguvu za umeme. Zimekufa, akasema, wameleta mpya, hizi zinangoja kukatwa.

Alipofungua mlango, joto la ndani lilitoka na harufu yake.

Mama Adolphine alisimama. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwake. Ilikuwa karai lake kabla ya kutupa kitunguu, kandambili mpya juani, hapa nene, imejaa chumba. Alifikiri kwanza kwamba ni kitambaa chake mwenyewe kinachonuka, akakivuta puani. Ndani ya giza mtu alikuwa ameinama karibu na sanduku moja la chuma, ana chupa iliyokatwa tako, anamiminia kwenye bidoni ya njano. Alikuwa Papa Ignace, mume wa Mama Pélagie.

"Ah, Mama Adolphine," mzee akasema kwa furaha. "Kumbe umekuja wewe mwenyewe. Yako ya wiki hii njo hii."

"Yake ya nini?" Citoyen Anatole akauliza.

"Mafuta ya pamba, Patron. Yale uliniambia niyaondoe."

Citoyen Anatole hakupaza sauti. Alivua miwani, akaivaa, akauliza mafuta hayo yanakwenda wapi. Papa Ignace, bado anatabasamu, akamwambia: yanakwenda kwa mama huyu, kwa Mama Séraphine wa mandazi, kwa wanawake wa kwaya, na nyumbani kwake mwenyewe. Alisema alifanya kazi hapa zamani, anayajua mafuta ya nyumba hii, hakuna wa kumfundisha.

"Papa, matangi ya mafuta ya pamba yalikuwa wapi?"

"Upande ule, walipoweka mashini za baridi. Walipoyang'oa, nilijua mafuta waliyahamishia humu."

"Humu hakuna aliyehamishia kitu. Haya yamo ndani ya transfo tangu Wabelgiji. Yanapoza chuma, umeme usiwake moto. Ni sumu, Papa. Kule Ulaya walishayakataza. Muntu akiyala, yanamtoa vipele, yanavimbisha macho, yanaingia ndani ya ini na kukaa."

Mama Adolphine alisema, "Rudia."

"Mama..."

"Rudia polepole. Mimi nilisoma mpaka la sita tu."

Akarudia. Alipofika kwenye vipele na macho, mama aliinua mkono ili anyamaze. Alikuwa anaona sahani. Aliona ugali na mafuta ya karai yamemwagwa juu yake, na binti anasema ameshiba, na yeye amesimama juu ya kichwa chake. Kadiri uso ulivyozidi kuharibika, ndivyo alivyomwongezea. Akaangalia kucha zake, akazinyoosha mbele ya Citoyen Anatole kama mwanafunzi anayekaguliwa.

"Hii pia?"

"Hiyo pia, Mama."

Papa Ignace alikaa chini, penye mafuta. Akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Uliniambia niyaondoe," akasema. "Hukuniambia ni nini."

"Ni kweli," Citoyen Anatole akasema. "Nilifikiri utayamwaga. Wala sikuuliza ulikuwa unamwaga wapi."

Christiane alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni, amesikia yote. Mama alimgeukia. Binti akamshika kiwiko.

"Twende tukamwage lile karai," akasema.

"Msimwage," Citoyen Anatole akawahi. "Wala ziwani, wala shambani. Leteni yote hapa, na bidoni zake."

Huko nje ndiko kulikokuwa kugumu. Mama Adolphine alianzia kwa Mama Pélagie, maana ni rafiki. Alimkuta anapanga chupa kwenye kivuli cha ukuta. Alimweleza. Mama Pélagie alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Adolphine, ungeniambia tu unataka kununua kwa mwingine."

"Sinunui kwa mwingine. Sinunui tena."

"Mtoto wako amelogwa na mashini, Kalemie nzima inajua. Sasa mnatafuta wa kubebesha. Mume wangu alikula yale mafuta kabla yako. Mimi nimekula. Nina nini?"

"Angalia kucha zako."

Mama Pélagie alikuwa amezipaka verni nyekundu, alizipaka tangu sherehe ya Pasaka na kurudia kila zikibanduka. Alizitazama, akacheka kidogo kwa dharau. Lakini hakuondoka. Alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, akaanza kukwangua kidole kimoja kwa kisu cha kuparia samaki. Verni ilitoka vipande. Chini yake ukucha ulikuwa wa kijivu, wenye mstari mweusi kutoka kwenye nyama mpaka ncha. Akakwangua wa pili. Akakwangua mkono wote, pole pole, na Mama Adolphine alikaa naye mpaka alipomaliza.

Kisha walibeba zile chupa pamoja.

Walizunguka Kataki nyumba kwa nyumba. Wako waliotoa bidoni bila ubishi. Wako waliosema mafuta yameshakwisha, huku yananukia jikoni. Mama mmoja alikuwa anampaka mtoto mchanga, ngozi ing'ae. Huyo alilia palepale. Wengine walisema Mama Adolphine amehongwa na kampuni ili afunike habari ya vioo, na maneno hayo bado yanasemwa. Mandazi yake hayakununuliwa tena kwa muda mrefu, hata ya mawese. Haikumshangaza. Hata yeye asingenunua.

Hospitali, daktari alisema kitu hicho hakina dawa ya kukitoa. Kinachowezekana ni kuacha kukila, na kungoja, na kurudi kupimwa. Aliwaambia wasichana wasiwe na haraka ya kubeba mimba kabla ya kumwona tena. Macho ya Odile yalipona kwanza. Floribert alibaki na mashimo mashavuni, akasema sasa uso wake unashika maji ya mvua. Papa Ignace alidhoofika, akaacha kazi ya uzamu, na Mama Pélagie anamchemshia kila kitu. Christiane hakupona upesi. Vipele vilipungua, vikaacha weusi, na uchovu unarudi siku nyingine bila kubisha hodi. Lakini alikwenda Lubumbashi, akarudi, na leo ndiye mkuu wa chumba cha ordinateur.

Mafuta ya zile transfo yalifungwa ndani ya mapipa ya chuma na mlango ukatiwa kufuli. Mapipa bado yako pale. Mama Adolphine akipita kwenye reli huwa anageuka kuangalia ile kufuli.

Aliporudi kutoka Lubumbashi, Christiane alimwambia mama yake aseme mambo yote ambayo watu wanapaswa kuyaepuka, yeye atayaandika kwa mashini. Mama alisita mbele ya kioo kile. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu, akasema moja moja, na herufi zikatokea. Wakapiga kopi, wakabandika parokiani, sokoni na dispanseri. Mvua imezila nyingi. Maneno yenyewe ni haya:

Usinunue mafuta usiyojua yalitoka wapi, hata muuzaji akiwa wa kwaya yako.

Usipikie mafuta yaliyotoka ndani ya transfo, ndani ya mashini au ndani ya tangi la kiwanda cha zamani, hata yakiwa meupe, hata kama hayatoi moshi.

Usiamini kitunguu. Kinaondoa harufu, hakiondoi sumu.

Usiyapake mwilini wala kwenye nywele. Usimpake mtoto.

Usiyatie ndani ya taa. Usiyachome.

Usichotee maji bidoni yake, wala usiwekee unga ndani ya pipa lake, hata ukiosha kwa majivu na maji ya moto.

Usiyamwage ziwani, wala mtoni Lukuga, wala chooni, wala shambani.

Ukimtuma mtu aondoe kitu, usimwache bila kumwambia ni kitu gani. Ukitumwa, usiondoe kabla hujauliza.

Mgonjwa akizidi, usimlazimishe chakula kile kile.

Usiseme nyumba inakula watu kabla hujaangalia ndani ya sufuria yako.